Jibu kwa mweka hazina: Serikali huilipa lini kampuni ya roketi?

Swali: "Mimi ni mweka hazina wa SACCO ya walimu hapa Mbale. Mwezi uliopita mwanachama mwenzetu alituletea kijana mwenye kabrasha lililopangwa vizuri sana. Anasema yeye na wenzake watajenga kituo cha kurushia roketi karibu na Ikweta, upande wa barabara ya Masaka, kwa kuwa roketi inayorushwa kutoka Ikweta hutumia nusu tu ya mafuta. Anasema pia kwamba serikali itabeba sehemu kubwa ya gharama, kama serikali ya Marekani ilivyoipa SpaceX fedha mpaka ikatajirika, na kwamba Uganda imekwisha kurusha setilaiti yake mwaka 2022, kwa hiyo njia iko wazi. Tunaombwa shilingi milioni 40 za hisa kabla ya muhula kwisha. Walimu wa sayansi wamevutiwa, wazee wana wasiwasi, na mimi ndiye nitakayetia sahihi. Je, ni kweli serikali za nje hugawia makampuni binafsi fedha za roketi? Na hiyo Ikweta ni faida kiasi gani? Naomba jibu la kina kwa sababu nitalisoma mkutanoni."

Ndugu mweka hazina, wasiwasi wa wazee wenu una msingi, na hamu ya walimu wa sayansi nayo ina msingi, ndiyo maana nitajibu kirefu. Kijana huyo simjui, na inawezekana kabisa kwamba ni mtu mkweli aliyesoma mambo nusunusu akayaunganisha kwa haraka. Nitakachopima hapa ni maneno yake. Amefunga katika kabrasha moja mambo matatu ambayo kila moja lina ukweli ndani yake, yaani fedha za serikali, Ikweta, na setilaiti yetu, lakini jinsi alivyoyafunga inakuonyesha picha ambayo haipo. Nitaanza na fedha, kwa sababu sahihi yako itakuwa juu ya fedha.

Mwaka 2006 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na tatizo la usafirishaji. Vyombo vyake vikubwa vilivyofanana na ndege vilikuwa vimepangiwa kustaafu, na kile kituo cha kimataifa kinachoizunguka dunia takribani kilomita 400 juu yetu kilihitaji chakula, maji na vipuri. Badala ya kutengeneza roketi nyingine yake yenyewe, NASA ikaanzisha programu iliyojulikana kwa kifupi kama COTS, ikachagua makampuni mawili: SpaceX na Rocketplane Kistler. Wengi wanaosimulia habari hii hukumbuka jina la kwanza tu. Mimi ningependa mkutano wenu ulitazame zaidi la pili.

Ninyi walimu mmewahi kuona darasa likijengwa kwa fedha za serikali. Mkandarasi halipwi siku anayoleta mchoro. Hulipwa msingi ukikaguliwa, kisha linta ikifungwa, kisha paa, na kila hatua ina cheti chake. COTS ilikwenda hivyo hivyo. Malipo yaligawanywa katika vipande, na kila kipande kilifungwa kwenye kazi inayoonekana, kama vile michoro kupitishwa na wakaguzi, injini kuwashwa na kujaribiwa, au roketi kuruka. Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa kuthibitisha kwamba kampuni yenyewe imekusanya mtaji kutoka kwa wawekezaji binafsi. Kistler ilikuwa imeahidiwa hadi takribani dola milioni 207. Ilikamilisha hatua za mwanzo, ikapokea kama dola milioni 32, kisha ikashindwa kukusanya mtaji wake. Oktoba 2007 NASA ikaukatisha mkataba, na mwaka uliofuata nafasi hiyo ikapewa kampuni nyingine, Orbital Sciences. Waliokuwa wameweka fedha zao Kistler kwa kutegemea kwamba serikali imo ndani waligundua kwamba serikali imo mpaka hatua isiyokamilika, basi.

SpaceX kwa upande wake ilipata dola milioni 396 katika programu hiyo, na yenyewe ikatia zaidi ya dola milioni 450. Kwa hiyo maneno ya kijana kwamba serikali "iliipa fedha" yana nusu ya ukweli. Serikali ililipa chini ya nusu ya gharama, ikalipa kidogo kidogo, na ikalipa kampuni ambayo tayari ilikuwa na wahandisi, injini na mtaji.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Msaada ulikuwa mkubwa, tena mkubwa kuliko hiyo hundi. Septemba 2008 roketi ndogo ya SpaceX, Falcon 1, ilifika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, kwa mara ya kwanza baada ya kushindwa mara tatu mfululizo, na Elon Musk mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi kampuni ilivyokuwa ukingoni mwa kufilisika wakati huo. Desemba ya mwaka huo huo NASA ikasaini nayo mkataba wa safari 12 za mizigo kwa dola bilioni 1.6, na Orbital safari 8 kwa dola bilioni 1.9. Hapo ndipo palipo kiini cha habari yote: serikali ilijitokeza kuwa mteja wa kwanza, mteja mkubwa asiyekimbia, na kwa mkataba wa namna hiyo mkononi kampuni inaweza kwenda benki na kwa wawekezaji ikasikilizwa. Juu ya hilo kulikuwa na mambo yasiyoonekana kwenye hundi: viwanja vya kurushia vilivyojengwa na serikali miaka mingi nyuma vikakodishwa, wataalamu wa NASA wakakaa mezani na wahandisi wa kampuni, na sheria ikawapo. Sheria hiyo ya Marekani ya 1984, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, inamtaka kila mrushaji binafsi awe na leseni na bima ya madhara kwa watu wengine. Kiwango cha juu cha bima anachoweza kudaiwa ni dola milioni 500, na madai yakizidi bima hiyo serikali ndiyo inayotazamiwa kuyabeba, hadi kikomo kilichowekwa. Kampuni changa hailali usingizi bila kifungu kama hicho.

Je, serikali ilinufaika? Kwa mizigo, naamini ndiyo. NASA yenyewe ilikadiria mwaka 2011 kwamba kutengeneza roketi ya aina ya Falcon 9, ile kubwa ya SpaceX ya kubebea mizigo hiyo, kwa utaratibu wa zamani, ule ambao kampuni hurudishiwa kila gharama na kuongezewa faida juu, kungegharimu takribani dola bilioni 4, ilhali SpaceX ilitumia mamia ya mamilioni. Utaratibu wa zamani haujafa, na una bei yake: roketi kubwa ya serikali, SLS, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 2022, ilikadiriwa na mkaguzi mkuu wa NASA kuwa safari zake nne za mwanzo zitagharimu dola bilioni 4.1 kila moja, pamoja na chombo cha wanaanga na mitambo ya ardhini.

Hata hivyo utaratibu mpya, yaani mkataba wa bei isiyobadilika, hautengenezi chombo kizuri wenyewe. Mwaka 2014 Boeing ilipewa dola bilioni 4.2 na SpaceX dola bilioni 2.6 kwa kazi ileile ya kupeleka wanaanga kituoni. SpaceX ilipeleka wa kwanza Mei 2020. Chombo cha Boeing kilipeleka wawili Juni 2024, kikapata hitilafu, kikarudi kitupu, na wanaanga wale wakarudi Machi 2025 kwa chombo cha mshindani, huku Boeing ikiwa imeandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5. Ulaya nako, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kuichangia roketi ya Ariane 6 hadi euro milioni 340 kwa mwaka ili isizidiwe bei, kwa hoja kwamba bara lisilo na roketi yake hupanga foleni mlangoni kwa wengine. Unaona basi kwamba hata wenye uzoefu wa miaka 40 bado wanaweka mkono mfukoni. Hii ni biashara ambayo serikali haitoki ndani yake. Hubadilisha kiti tu.

Sasa setilaiti yetu. PearlAfricaSat-1 ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja na ushei, uliotengenezwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa masomoni katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, pamoja na setilaiti ya Zimbabwe na nyingine ya Japani. Hatukuirusha sisi. Ilipakiwa ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus juu ya roketi ya Antares, vyote viwili vikiwa vimebuniwa na ile Orbital, katika kituo cha Wallops, Virginia. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimewaita wanafunzi wangu kutazama Jumapili, tukakaa, kisha tukaambiwa kengele ya moto imelia katika jengo la kuongozea chombo na watu wametolewa nje. Ikaruka kesho yake, tarehe 7 Novemba 2022, saa saba na dakika 32 mchana kwa saa zetu. Moja ya mabawa mawili ya jua ya Cygnus likakataa kufunguka, tukashika roho mkononi kwa siku mbili mpaka chombo kilipofika, na tarehe 2 Desemba setilaiti ikaachiwa kutoka chumba cha Japani cha kituo cha kimataifa. Safari ile ililipiwa na NASA kwa mkataba wa mizigo uliourithi ule wa 2008. Yaani setilaiti yetu ilikwenda kama abiria mdogo juu ya gari ambalo serikali nyingine ilikuwa imekwisha kulikodi.

Na gari lenyewe lina funzo. Kipande cha chini cha Antares kilitengenezwa Ukraine na injini zake Urusi. Vita vilipoanza Februari 2022, zilizobaki zikawa za kuhesabu; ya mwisho ya aina hiyo iliruka Agosti 2023, na Januari 2024 Cygnus ikapanda Falcon 9, roketi ya mpinzani wake SpaceX. Kama NASA ingekuwa na msafirishaji mmoja tu, kituo kingekaa njaa. Hiyo ndiyo sababu mnunuzi mwenye busara hulipia wawili, hata ikionekana ni ubadhirifu.

Tuje kwenye Ikweta. Walimu wenzako wa fizikia wanaweza kuhakiki hesabu hii ubaoni. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama Kayabwe, pale barabara ya Masaka inapokata Ikweta, anakwenda mita 465 kila sekunde bila kuhisi, kama kondakta anayeruka kutoka taksi inayotembea ambaye miguu yake tayari ina mwendo wa gari. Roketi inayoelekea mashariki huanza na mwendo huo bure. Lakini ili kitu kibaki juu kikizunguka kinahitaji kama mita 7,800 kwa sekunde. Zawadi ya Ikweta ni asilimia 6 hivi ya mwendo huo. Kituo cha Florida, kilicho nyuzi 28.5 kaskazini, hupata mita 409. Tofauti yake na Kayabwe ni mita 56, chini ya asilimia moja ya mwendo unaohitajika. "Nusu ya mafuta" haipo popote katika hesabu hiyo. Ananikumbusha wale vijana wa Kayabwe wenye beseni tatu, wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande mwingine. Kinachoyazungusha ni mkono unaoyamimina, ingawa siwanyimi shilingi zao kwa uigizaji.

Faida ya kweli ya Ikweta ni kwa setilaiti za mawasiliano zinazokaa juu ya mstari wenyewe, takribani kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa sababu roketi haihitaji kuchoma mafuta kugeuza njia yake. Ndiyo maana Ulaya hurushia Kourou, Guyana ya Kifaransa, nyuzi 5 kaskazini. Setilaiti za kupiga picha za dunia, ambazo ndizo tunazozihitaji zaidi, nyingi hupita kutoka ncha hadi ncha, kaskazini na kusini, na kwa hizo ule mwendo wa kuelekea mashariki ni mzigo wa kuondolewa.

Kourou ina kitu kingine ambacho Masaka haina: bahari upande wa mashariki. Roketi hutupa vipande vyake njiani, na vipande hivyo ni vya tani kadhaa. Kutoka Kayabwe ukifuata Ikweta mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,100, na katikati kuna wavuvi wa Ziwa Victoria, kisha Maseno, kisha Nanyuki, kisha Somalia. Ziwa ni kubwa kwetu. Kwa roketi ni dimbwi. Wapo waliojenga bara, kama Urusi inayotumia Baikonur huko Kazakhstan, lakini chini yake ni nyika isiyo na watu wengi. China nayo ina Xichang, ambako Februari 1996 roketi iliyopinda sekunde chache baada ya kuondoka iligonga mlima karibu na makazi na watu wakafa. Baadaye nchi hiyo ilijenga kituo kingine Wenchang, kisiwani Hainan, pwani. Na msidhani vipande ni hadithi za mbali. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kijijini Mukuku, Makueni, kwa majirani zetu wa Kenya, na shirika lao la anga likasema ni sehemu ya roketi. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema wazi kwamba nchi ndiyo inayowajibika kwa yanayofanywa angani na makampuni yake, na kwamba nchi ambayo kitu kimerushwa kutoka ardhi yake huwajibika kwa madhara. Kwa hiyo kabla serikali yetu haijachangia hata shilingi, ingelazimika kwanza kukubali kudaiwa na Nairobi na Mogadishu.

Afrika Mashariki tayari imewahi kuwa na kituo cha Ikweta chenye bahari. Kiko nje ya pwani ya Malindi, majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini na Waitaliano, yakaitwa San Marco. Kuanzia 1967 roketi za Marekani za Scout zilirusha setilaiti kutoka hapo, mojawapo ikiwa ile iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu iliruka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ikawa ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksi ya nyota. Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988. Ikweta haikuhama na bahari haikukauka. Kenya yenyewe ilipotaka kurusha setilaiti yake ya Taifa-1, Aprili 2023, iliipakia kwenye Falcon 9 huko California pamoja na setilaiti nyingine nyingi. Safari hizi za kuchangia zilipoanza, mzigo wa hadi kilo 200 uliwekewa bei ya dola milioni 1. Bei imepanda tangu hapo, lakini bado mwenye kituo kipya cha Masaka angelazimika kumshawishi mteja aiache hiyo aje kwake.

Ukiniuliza serikali yetu ingefaa kuunga mkono nini, ningesema inunue kabla ya kujenga. Picha za dunia za setilaiti za Landsat za Marekani hutolewa bure tangu 2008, na za setilaiti za Sentinel za Ulaya nazo ni bure. Mbale, mliosombwa na Nabuyonga na Namatala mwishoni mwa Julai 2022, mnajua zingesaidia wapi, kama kungekuwa na watu wa kuzisoma na ofisi ya kuwalipa. Kampuni ya vijana wa Uganda ikipata mkataba wa serikali wa miaka mitano wa kusoma picha hizo na kuonya kuhusu maporomoko ya Elgon, hiyo ndiyo COTS yetu, kwa kipimo chetu. Kituo cha ardhini cha kuwasiliana na setilaiti, Mpoma, Mukono, kipo. Nakubali kwamba wapo wenzangu wanaoona kuwa nikisema hivi nawakatisha vijana tamaa ya roketi. Siwakatishi, injini ndogo za majaribio zinajengwa vyuoni duniani kote kwa fedha kidogo, na kijana huyo anaweza kuanzia hapo bila akiba ya walimu.

Kuhusu sahihi yako, mimi ni mhandisi na maneno yangu yanaishia kwenye roketi. Usisaini kwa kutegemea makala. Nenda kwanza URSB, ofisi ya serikali ya kusajili makampuni, ambao wana tawi Mbale, uone kama kampuni imesajiliwa na wakurugenzi wake ni nani. Hisa zinazouzwa kwa umma ziko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Kampala, na unaweza kuwauliza moja kwa moja kama ofa hii wanaijua. Mwone pia Afisa Biashara wa Wilaya, na wakili asiye rafiki wa upande wowote, mkiwa na masharti ya SACCO yenu mezani, kwa sababu huenda hayaruhusu uwekezaji wa aina hii hata mkutano ukikubali. Kama sehemu ya fedha imekwisha kutolewa, mwone wakili wiki hii.

Na kijana akirudi, mwombeni karatasi tatu tu: barua ya serikali inayotaja kiasi na hatua za malipo, jina la mteja mmoja aliyekubali kurusha naye, na ramani inayoonyesha kipande cha kwanza cha roketi yake kitaangukia wapi. Akizileta, nitumie nakala. Nitaanza na ramani.